SHANTA KAVU NI UHAI MLIMANI

Jinsi ya kuhifadhi nguo na vyombo visilowe mvua safarini

Watu wengi wanaokwenda kupanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza hujitaabisha sana kufikiri habari za viatu, chakula na urefu wa kilele. Ni wachache wanaofikiri habari ya maji. Hufungasha nguo zao na mfuko wa kulalia ndani ya shanta mpya, wakaifunga vizuri, wakaamini kwamba kwa kuwa imenunuliwa kwa bei kubwa haitavuja. Jioni ya siku ya kwanza hufungua mzigo na kukuta sweta limelowa, soksi zimelowa, na mfuko wa kulalia umekuwa mzito kama gunia lililoanguka mtoni. Hapo ndipo wanapojifunza kwamba mlimani adui mkubwa si baridi peke yake, bali ni baridi na maji yakiwa pamoja.

Jambo hili linawahusu watu wengi: vijana wa shule, maskauti, askari, wageni kutoka nchi za mbali, na zaidi ya wote wapagazi na viongozi ambao mlima ndio shamba lao. Yafaa kila mmoja wao ajue namna ya kuhifadhi mzigo wake, maana kazi yenyewe si ngumu, wala haihitaji fedha nyingi. Inahitaji akili na utaratibu.

MVUA YA MLIMANI

Mlima Kenya una kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199, na Nelion chenye mita 5,188. Hivyo viwili hupandwa na wenye ujuzi wa kamba na miamba. Wasafiri walio wengi huishia kilele cha Lenana, mita 4,985. Mvua haigawanyiki sawasawa katika pande za mlima. Upande wa kaskazini ni mkavu kidogo. Upande wa kusini na mashariki hupata mvua nyingi zaidi. Miezi ya masika, tangu Machi hata Mei, na ile ya vuli, tangu Oktoba hata Desemba, ndiyo yenye mvua nyingi. Hata hivyo asidhani mtu kwamba katika miezi ya kiangazi atakuwa salama. Mara nyingi asubuhi huwa nyeupe na safi, kisha baada ya adhuhuri mawingu hupanda kutoka msituni, na mvua au mawe ya barafu huanguka kwa ghafula.

Anayepitia njia ya Naro Moru huanza katika msitu, hufika Kituo cha Hali ya Hewa kwenye mita 3,050, kisha huingia katika mahali panapojulikana sana kwa kinamasi chake. Hapo njia hupanda kwa ukali, na maji hutiririka katikati ya mafungu ya nyasi ndefu. Akiteleza mtu, shanta yake huanguka matopeni pamoja naye. Baada ya hapo huingia bonde la Teleki na kufika kambi ya Mackinder, mita 4,200, ambako maji huganda usiku. Kwa kadiri mtu anavyopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kiasi cha digrii 6 au 7. Basi nguo iliyolowa msituni, ambako ilikuwa ni udhia tu, hugeuka kuwa hatari kambini.

KWA NINI MAJI NI HATARI

Nguo haina joto lake yenyewe. Inalomfanyia mtu ni kuizuia hewa iliyopashwa moto na mwili wake isiondoke. Nguo ikilowa, mahali pa ile hewa huingia maji, na maji huuondolea mwili joto upesi mno, yapata mara 25 kuliko hewa. Mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya laini ya bata ni mwepesi na wenye joto sana ukiwa mkavu, lakini ukilowa manyoya hushikamana kama uji, na joto lake hutoweka. Mfuko wa nyuzi zilizotengenezwa viwandani huvumilia zaidi. Sufu nayo humpa mtu joto kidogo hata ikiwa mbichi. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote: hunywa maji mengi, hukauka polepole, na humpoza aliyeivaa. Shati la pamba na suruali nzito ya kazi, ambazo ni nguo njema mjini, hazifai kabisa kutegemewa mlimani.

KWA NINI SHANTA HUVUJA

Yafaa kuelewa maji yanaingia wapi, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Shanta nyingi za siku hizi hushonwa kwa kitambaa cha nailoni kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Kitambaa chenyewe ni kizuri, lakini kila mshono ni safu ya matundu ya sindano, na kila tundu ni mlango. Maji huingia pia katika zipu, katika mdomo wa juu unaofungwa kwa kamba, na mahali mikanda ya mabega iliposhonewa. Tena ile dawa huchakaa. Baada ya miaka kadhaa, hasa kama shanta imewekwa mahali penye joto na unyevu, huanza kunata na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Wengi hununua kifuniko cha mvua, yaani kile kitambaa chembamba chenye mpira pembeni kinachovishwa juu ya shanta. Kifuniko kina faida: huzuia mvua nyingi, huzuia matope na miiba, na huzuia shanta yenyewe kunywa maji ikawa nzito. Lakini kina kasoro tatu. Ya kwanza, hakifuniki upande unaoegemea mgongo. Maji yanayoteremka kutoka shingoni hupita katikati ya mgongo na shanta, yakaingia kwa nyuma. Ya pili, upepo mkali huweza kukinyakua na kukitupa bondeni. Ya tatu, maji yakishaingia hukusanyika chini ya kifuniko, na shanta hukaa katika dimbwi dogo siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na dimbwi hilo huwa mahali pale pale ambapo watu wengi hutia mfuko wa kulalia.

MFUKO WA NDANI

Basi dawa iliyo kuu ni hii: usitegemee kuzuia maji yasiingie katika shanta, chukulia kwamba yataingia, kisha yazuie yasifike kwenye vitu. Wazee wa misafara walijua jambo hili zamani. Katika siku ambazo Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian, Septemba 1899, mizigo ya misafara ilifungwa kwa turubai au kutiwa katika masanduku ya bati, maana mpagazi hakuweza kuichagua siku ya mvua. Leo kazi ya turubai na bati hufanywa na mfuko mmoja mkubwa wa ndani usiopitisha maji.

Mfuko huo na uwe mkubwa kuliko shanta yenyewe, ili mdomo wake ubaki na nafasi ya kukunjwa. Uwe mzito wa kutosha usitobolewe na kijiko au ncha ya mswaki. Iliyo bora ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hii, ambayo mishono yake imezibwa kwa utepe na mdomo wake una kifungo. Asiye na uwezo wa kuinunua aweza kutumia mfuko mnene na safi wa mpira au wa turubai la nailoni, mradi uwe wa kudumu na usiwe na tundu. Lakini asitumie kamwe mfuko uliokuwa na dawa ya mimea au mbolea, maana sumu hubaki hata baada ya kuoshwa.

Namna ya kuufunga ni muhimu kama mfuko wenyewe. Kwanza tandaza mfuko ndani ya shanta ukiwa wazi. Tia vitu. Kisha sukuma hewa itoke kwa upole, kwa kuukumbatia mzigo kifuani. Kunja mdomo mara 3 au 4 kuelekea upande mmoja, ndipo ufunge kifungo. Usio na kifungo husokotwa shingo, ukapindwa chini kama shingo ya kuku, ukafungwa kwa kamba imara. Anayeujaza mfuko mpaka ukingoni hawezi kukunja mdomo wake, na kazi yake yote huwa ni bure.

MPANGO WA KUFUNGASHA

Mtu mwenye utaratibu hugawanya vitu vyake katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo havina budi kubaki vikavu: mfuko wa kulalia, nguo za usiku, soksi za akiba, sweta zito na dawa. Hivi hukaa ndani ya mfuko wa ndani, na mfuko haufunguliwi mpaka mtu awe ndani ya hema au nyumba. Fungu la pili ni la vitu vinavyoweza kulowa bila hasara: hema, sufuria, chupa ya maji, na chakula cha mchana kilichofungwa vizuri. Hivi hukaa nje ya mfuko wa ndani.

Koti la mvua na liwe juu kabisa, mahali mkono unapofika kwa mara moja. Wako watu ambao hulitia chini ya vitu vyote kwa sababu asubuhi kuna jua; mvua inapoanza hulazimika kumwaga mzigo wote njiani, na kabla hawajalivaa kila kitu kimekwisha kulowa.

Hema lililonyeshewa usiku huwa na maji mengi. Lisirudishwe kamwe pamoja na nguo, bali lifungwe katika mfuko wake na kubebwa nje. Hali kadhalika mafuta ya jiko yakae mbali na chakula na nguo, chupa yake ikiwa imesimama wima.

Iko sheria moja ambayo wapanda milima wenye uzoefu huishika kama amri: nguo za usiku hazivaliwi mchana. Mtu akifika kambini amelowa, huvua nguo zote mbichi, hujifuta, na kuvaa zile kavu. Asubuhi, hata kama nguo za jana bado ni mbichi na baridi, huzivaa tena kwa safari, na zile kavu huzirudisha katika mfuko. Ni jambo chungu kwa dakika chache za kwanza, lakini mwili ukianza kutembea hupata joto. Anayeshindwa kuvumilia uchungu huo na kuvaa nguo zake kavu mvuani, jioni hana la kuvaa.

VITU VIDOGO VYENYE THAMANI

Vitu vidogo vina haki ya kuwa na vifuko vyao. Njiti za kiberiti zichovywe vichwa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, kisha zitiwe katika kopo dogo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na kipande cha ubavu wa kiberiti cha kuwashia. Ramani, kitambulisho na fedha viwe katika mfuko unaoonyesha ndani, ili ramani isomwe bila kutolewa. Chumvi, sukari na unga vitiwe katika makopo, wala si katika karatasi. Tochi, betri na simu ya mkononi vihifadhiwe na maji na baridi pia, maana betri ikipoa sana hupoteza nguvu. Usiku yafaa kulala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Simu iliyolowa haiwezi kumwita mtu wa kuokoa.

KUVUKA MITO

Mvua kubwa ikinyesha, vijito vya mlimani hujaa upesi. Kwanza yafaa kungoja, kwa kuwa kijito kilichojaa mchana mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Ikiwa hapana budi kuvuka, mtu afungue mkanda wa kiunoni na kulegeza wa mabega kabla ya kuingia majini, ili akianguka aweze kujivua mzigo mara moja. Hapo faida nyingine ya mfuko wa ndani huonekana: shanta ambayo mfuko wake umefungwa vizuri na kubakiza hewa kidogo huelea, wala haizami kama jiwe.

SHERIA ZA PLASTIKI

Msafiri akumbuke pia sheria za nchi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja na kutupwa vimekatazwa katika mbuga za taifa, Mlima Kenya ukiwamo. Tanzania nayo ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na katazo hilo linawahusu wageni wanaoingia kwa ajili ya Kilimanjaro. Basi ile desturi ya zamani ya kufunga kila soksi katika mfuko mwepesi wa dukani haifai tena. Kwa kweli haikuwa desturi njema hata ilipokuwa halali, maana mifuko ile ilipasuka upesi, na vipande vyake vilibaki kwenye nyasi za mlima kwa miaka mingi. Mfuko mmoja imara, utumikao safari baada ya safari, ni nafuu kwa mfuko wa fedha na ni heshima kwa mlima.

MPAGAZI NAYE HULALA

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgeni hutembea na kifuko kidogo, naye mpagazi hutangulia na mzigo mkubwa. Katika Kilimanjaro kanuni huweka mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani langoni. Lakini mizani haipimi kama blanketi la mpagazi ni kavu. Mara nyingi vitu vya mgeni huwa ndani ya mfuko mzuri usiopitisha maji, na vitu vya mpagazi mwenyewe hufungwa kwa kamba juu ya mzigo, penye mvua.

Si ajabu kwa hiyo kusikia langoni mazungumzo kama haya, kiongozi mzee akimkagua kijana aliyeajiriwa karibuni:

“Kijana wangu, blanketi lako liko wapi?”

“Liko hapo juu, mzee. Nimelifunga kwa kamba.”

“Na mvua ikija?”

“Nitalikausha motoni, mzee.”

“Moto gani huko juu, mwanangu? Huko hakuna kuni za kuwasha. Lifungue, ulitie ndani ya mfuko. Mgeni akilala pakavu nawe ukilala majini, kesho nani atabeba mzigo?”

Maneno ya mzee huyo yana haki na hesabu ndani yake. Mpagazi aliyelala majini huamka bila nguvu, hukohoa, huteleza, na safari nzima huchelewa. Lakini zaidi ya hesabu, yeye ni mtu mwenye nyumba na watoto wanaomngoja. Kila kampuni na kila kiongozi anayeajiri wapagazi hana budi kuuliza swali la blanketi kabla ya lango kufunguliwa, na kumpa kila mmoja mfuko wa kuhifadhi nguo zake. Gharama yake ni ndogo, ikilinganishwa na malipo ya mgeni mmoja. Mgeni naye anaweza kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

DALILI ZA HATARI

Joto la mwili wa mtu mzima ni karibu digrii 37. Likishuka chini ya digrii 35, maisha yako hatarini. Mtu hutetemeka sana, ulimi wake huwa mzito, vidole hushindwa kufunga kifungo, naye hujikwaa na kusema maneno yasiyo na maana. Kutetemeka kukikoma huku mtu bado amelowa na anasinzia, wenzake wasidhani kwamba amepata nafuu. Hiyo ni dalili mbaya zaidi.

Mtu wa namna hiyo aondolewe penye upepo, avuliwe nguo mbichi kwa upole, avikwe kavu, na kutiwa katika mfuko wa kulalia mkavu. Kama ana fahamu na aweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari. Asipewe pombe, wala asisuguliwe mikono na miguu. Msaada uitwe upesi, na ateremshwe chini kwa uangalifu. Lakini tazama: matibabu haya yote yanahitaji nguo kavu. Kama kila shanta katika kundi imelowa, hakuna cha kumvika mgonjwa. Kwa hiyo anayehifadhi nguo zake huhifadhi pia uhai wa mwenzake.

JARIBIO LA NYUMBANI

Hakuna haja ya kungoja mlima ufundishe. Siku chache kabla ya safari, msomaji na atie magazeti makavu yaliyofinyangwa ndani ya mfuko wake wa ndani, aufunge, autie katika shanta, kisha aweke magazeti mengine katikati ya mfuko na shanta. Aimwagie shanta maji kwa kopo la kumwagilia bustani kwa dakika 10, juu, pembeni na mgongoni. Akifungua, magazeti ya nje yatamwonyesha maji yanapoingilia, na ya ndani yatamwonyesha kama mfuko waweza kuaminiwa. Tundu dogo huzibwa kwa kiraka na gundi ya mpira, ile ile ya fundi wa baiskeli.

BAADA YA SAFARI

Kazi haiishi mtu afikapo nyumbani. Shanta ifunguliwe siku ile ile, matope yafutwe kwa maji safi bila sabuni kali, na itundikwe kivulini penye hewa mpaka ikauke kabisa, mifuko yote ikiwa wazi. Hema na mfuko wa kulalia vianikwe vivyo hivyo. Mfuko wa kulalia usihifadhiwe ukiwa umebanwa, bali utundikwe au uwekwe katika gunia kubwa la kitambaa. Vitu vikitiwa kabatini vingali na unyevu huota ukungu na kunuka, na ile dawa ya kuzuia maji huharibika kabla ya wakati wake.

Mwenye kufuata mambo haya hataizuia mvua, wala hatapunguza urefu wa mlima hata kwa mita moja. Lakini jioni, wakati mawingu yamefunika bonde na maji yanadondoka juu ya hema, atafungua shanta yake iliyolowa nje, na ndani yake atakuta soksi kavu.